Mboga za Atakayekuja

Kuna methali ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nilichelewa kuichunguza: utavuna ulichopanda. Nimeisikia kanisani siku ya harambee, shuleni siku ya kutangazwa matokeo, msibani ikisemwa kwa sauti ya chini juu ya marehemu aliyependa pombe, na kwenye mahafali ikisemwa kwa kipaza sauti juu ya vijana waliovaa majoho. Hakuna anayeibishia. Inaonekana imetoka shambani moja kwa moja, na nani atabishana na shamba?

Mimi nataka kubishana nayo, na nataka kufanya hivyo nikiwa na udongo kwenye kucha. Ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa katika mji wa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Ufadhili wangu unaisha mwishoni mwa Septemba na tiketi ya kurudi nyumbani imeshakatwa. Tangu mwaka jana nimekuwa nikilima matuta mawili katika bustani ya bibi mmoja aliyepita miaka 80, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuinama. Yeye ana ardhi, mimi nina mgongo, tulielewana haraka. Mwaka huu naye ameamua kuirudisha bustani kwa chama. Kwa kawaida ya huko, mkataba wa bustani za aina hii hufikia kikomo Novemba 30, na baada ya hapo atakuja mpangaji mwingine ambaye hatumjui, si yeye wala mimi.

Kwa hiyo swali langu halikutoka kitabuni. Ilipofika katikati ya Juni nilikuwa na trei ya miche iliyokuwa tayari kuhamishwa, na pakiti za mbegu za mboga ambazo huliwa kuanzia Novemba hadi Februari. Je, nina sababu yoyote ya kupanda mboga ambazo sitakuwepo kuzila, na ambazo hata mwenye bustani hatazila?

Kwanza nieleze kwa nini mtu apande chochote katikati ya kiangazi. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatujazoea kuufikiria urefu wa siku. Lushoto, nilikozaliwa, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa nzima. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya uaminifu huo wa jua: linachomoza, tunaanza kuhesabu, linazama, tunaanza upya. Leipzig mwezi Juni hesabu hiyo inavunjika. Jua linachomoza saa 11 kasoro za alfajiri na linazama saa 3 na nusu usiku. Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwa simu kwamba ni saa 2 usiku na ninapalilia bila taa, alidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Mimea nayo inahesabu. Spinachi na figili zikisiwa karibu na siku ndefu kuliko zote hazijali tena majani wala mizizi. Hukimbilia kutoa maua na mbegu, kana kwamba zimeambiwa dunia inaisha kesho. Chainizi ni hivyo hivyo, ndiyo maana wakulima wa huku huisubiri hadi katikati ya Julai, siku zikishaanza kufupika. Maharage mafupi yanaweza kusiwa hadi mwanzoni mwa Julai na bado yakaliwa kabla ya baridi. Mbegu za saladi hazipendi udongo wa moto. Zinasiwa jioni, kisha zinafunikwa kwa gunia bichi. Na kwa kuwa udongo umekauka, kuna mbinu ambayo bibi wa Leipzig alinionyesha akidhani ananifundisha jambo geni: unachora mfereji mwembamba, unaujaza maji kwanza, unasia mbegu kwenye tope, halafu unafunika kwa udongo mkavu usiomwagiliwa, ili unyevu ubaki chini na juu pasigande. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akifanya vivyo hivyo na karoti, upande wa pili wa dunia.

Halafu kuna mboga za baridi. Kuna sukuma wiki ya Kijerumani, yenye majani yaliyojikunja kama nywele, ambayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu: zote mbili, pamoja na kabichi, koliflawa na brokoli, ni spishi moja. Miche yake huhamishiwa shambani kati ya Juni na Julai na huvunwa wakati wa jalidi, maana baridi inaongeza sukari kwenye majani. Kuna pia mboga ndogo ya saladi inayosiwa kuanzia mwishoni mwa Julai, inayovumilia theluji na kuliwa wakati kila kitu kingine kimelala. Hizo ndizo zilizokuwa mikononi mwangu. Katikati ya kiangazi mtu hapandi tena kwa ajili ya kiangazi. Anapanda kwa ajili ya miezi ambayo bado haioni.

Turudi kwenye methali. Nikiitazama kwa makini naona imebeba madai mawili katika gunia moja. Dai la kwanza ni la aina: ukipanda mahindi, hutavuna mtama. Hilo ni kweli, na hakuna mkulima anayelihitaji kuambiwa. Dai la pili ni la mtu: yule aliyepanda ndiye atakayevuna. Hilo si kweli hata kidogo, lakini linapita mlangoni likiwa limejificha nyuma ya la kwanza. Tunakubali kwa sababu ya mahindi na mtama, halafu tunajikuta tumekubali jambo zima kuhusu haki, juhudi na hatima ya watu. Hata Biblia, ambayo wengi wetu tunaichukulia kuwa chanzo cha usemi huu, haisemi upande mmoja tu. Paulo aliwaandikia Wagalatia kuhusu kuvuna ulichopanda. Injili ya Yohana, sura ya nne, inakumbusha kwamba mpandaji ni mwingine na mvunaji ni mwingine. Sijawahi kusikia sura hiyo ya nne ikisomwa kwenye mahafali.

Ubaya wa dai la pili unaonekana likisomwa kinyumenyume. Kama kila mtu anavuna alichopanda, basi aliyevuna kidogo alipanda kidogo, na aliyevuna maumivu alipanda ubaya. Nililiona hilo likifanya kazi nikiwa kidato cha pili. Mjomba wangu alikuwa amekodi shamba bondeni na kupanda nyanya. Alisia kitaluni, akahamisha miche, akafunga mambo, akapiga dawa, akamwagilia kwa ndoo wakati wa kiangazi chote. Nyanya zilikuja, nyingi na nyekundu. Zilikuja wiki ile ile nyanya za kila mtu mwingine zilipokuja. Dalali akataja bei ambayo haikufikia hata gharama ya matenga na usafiri hadi Dar es Salaam. Mjomba akakataa, akasubiri siku tatu, na nyanya haziwezi kusubiri siku tatu. Nakumbuka harufu. Nakumbuka pia mzee mmoja jirani akipita njiani na kusema, bila ubaya wowote usoni, kwamba ndiyo dunia, mtu anavuna alichopanda.

Mjomba alikuwa amepanda nyanya na akavuna deni. Methali haikuwa na la kumwambia isipokuwa kumtafutia kosa. Na watu waliokuwa wakimpenda walimtafutia kosa kweli: alipanda aina isiyofaa, angeuza mapema, ana kiburi. Methali ikishaaminiwa, lazima mtu apatikane wa kulaumiwa, la sivyo dunia itaonekana haina mpango.

Wanafalsafa wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu, na bustani ya mboga imo katikati yake. Mwishoni mwa karne ya 17 John Locke aliandika kwamba mtu akichanganya kazi ya mikono yake na ardhi, kile kinachotoka kinakuwa chake, ilimradi amewaachia wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Wazo hilo lina mvuto mkubwa. Ukiwa umeinama juu ya tuta saa mbili nzima, unalihisi mgongoni kwamba hizi ni zangu.

Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake kuhusu malezi, Émile, aliliweka wazo hilo kwenye mtihani mdogo ambao ninaupenda kuliko mihadhara mingi. Mtoto anapanda maharage bustanini akisaidiwa na mwalimu wake. Anayamwagilia kila siku, anaambiwa kwamba ni yake kwa sababu ametia humo muda wake na jasho lake. Siku moja anakuta yote yameng'olewa. Analia kwamba ameonewa. Anaitwa mtunza bustani, naye anakuja akiwa na hasira kuliko mtoto: kumbe mahali pale yeye alikuwa ameshasia mbegu adimu za tikiti, na maharage ya mtoto ndiyo yaliyoziharibu. Mwishowe anamwachia mtoto kipembe cha kulima, kwa onyo kwamba asiyaguse matikiti yake.

Rousseau alitaka mtoto ajifunze kuheshimu mali ya aliyetangulia. Mimi nasoma humo somo jingine. Mtoto hakuwa mvivu wala mwizi. Kazi yake ilikuwa ya kweli, machozi yake yalikuwa ya haki, na bado chini ya maharage yake kulikuwa na mbegu za mtu mwingine. Na chini ya matikiti, tukichimba zaidi, tutakuta nini? Nani alisawazisha lile shamba? Nani aliitunza mbegu ile hadi ikamfikia mtunza bustani? Hakuna tuta tupu. Kila anayepanda anapanda juu ya kitu.

Kwangu hili si fumbo la darasani tu. Wilaya ninayotoka ilikaliwa na kulimwa kwa vizazi vingi kabla Wajerumani hawajafika na kuuita mji wetu Wilhelmstal. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ofisa mmoja wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao ua dogo la zambarau lililokuwa likiota kwenye miamba ya misitu yetu yenye kivuli. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa huyo na baba yake. Leo Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara, na limekaa kwenye madirisha ya nyumba zao kwa zaidi ya karne moja. Bibi wa Leipzig analo moja kibandani mwake, kwenye kopo la plastiki. Aliponiuliza natoka wapi hasa nikamjibu, alilitazama lile ua, akanitazama mimi, akacheka, halafu akaacha kucheka. Hakuna aliyelipanda ua lile kule msituni, lakini kuna watu walioutunza msitu. Waliovuna ni wengine.

Hata bustani yenyewe ninayolima ina historia ya namna hiyo. Leipzig ina viwanja vya bustani zaidi ya 30,000 vilivyo mikononi mwa vyama vya wakazi, na Wajerumani wengi huviita kwa jina la daktari wa mji huo, Moritz Schreber. Lakini Schreber alifariki mwaka 1861, na chama cha kwanza kilichobeba jina lake kiliundwa mwaka 1864. Hakuiona hata moja ya bustani hizo. Chama kile wala hakikuanza kwa bustani. Kilianza kwa uwanja wa michezo ya watoto. Mwalimu mstaafu, Heinrich Karl Gesell, ndiye aliyeweka vijituta pembezoni mwa uwanja ili watoto wajifunze kilimo. Watoto wakachoka upesi, kama watoto. Wazazi wakaanza kupalilia badala yao, wakanogewa, wakaweka uzio. Kwa hiyo jina ni la mtu asiyepanda, matuta ni ya mwalimu, mbegu ni za watoto, mavuno ni ya wazazi, na kizazi cha tano baadaye, mgeni kutoka Lushoto anakula maharage.

Sheria ya bustani hizi, iliyopitishwa mwaka 1983, inasema kiwanja kisizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24, na mazao yawe kwa matumizi ya mpangaji mwenyewe. Mwaka 2004 mahakama kuu ya shirikisho ikafafanua kwamba, kwa kawaida, angalau theluthi moja ya bustani itumike kwa mboga na matunda. Mpangaji akiondoka, anakuja mtathmini na kupiga hesabu ya mtofaa, vichaka vya matunda na kibanda, na anayeingia anamlipa anayetoka. Ni utaratibu mzuri. Unajaribu kuifanya methali yetu iwe kweli, walau kwa karatasi: aliyepanda asipoteze. Lakini mboji iliyolishwa kwa miaka 30 hadi udongo ukawa mweusi kama kahawa, hiyo nayo inapimwa kwa kipimo gani?

Nimefika mahali ambapo ningeweza kumaliza kwa hitimisho laini: basi tupande bila kutaka kuvuna, tuwe wakarimu, tuwaachie wajao. Siwezi, kwa sababu mjomba yumo ndani ya insha hii na nyanya zake. Mtu akimwambia mjomba kwamba uzuri wa kupanda uko katika kupanda kwenyewe, atakuwa anamtukana. Mahubiri ya kupanda bila kuvuna yamewapendeza sana watu wanaovuna bila kupanda. Mkoloni aliyapenda, dalali anayapenda, na mwajiri asiyelipa wanafunzi wa mafunzo kazini anayapenda hadi leo. Dai kwamba mpandaji ale jasho lake ni dai la haki, nami nalishikilia. Linakuwa uongo pale tu linapogeuzwa kutoka dai kuwa taarifa. Kusema mkulima anastahili kuvuna ni kudai kitu kwa dunia. Kusema mkulima huvuna ni kuisafisha dunia.

Tofauti kati ya zawadi na unyang'anyi, basi, iko wapi, ikiwa katika yote mawili mmoja amepanda na mwingine amekula? Naona mambo mawili. La kwanza ni kama mpandaji angeweza kukataa. Mimi ningeweza kuiacha miche ikauke kwenye trei na maisha yangu yasibadilike. Mjomba hakuwa na nafasi hiyo. Kukataa kwake kulimgharimu msimu mzima. La pili ni mlaji anajua nini. Anayekula akijua kwamba anakula kazi ya mwingine ana deni, na deni ni aina ya uhusiano. Anayekula akiamini kwamba kila kilicho mezani pake alikipanda mwenyewe hadaiwi na mtu. Huyo ndiye methali inayemlea. Inamfanya aliyeshiba aamini kwamba yeye ndiye mkulima.

Kuna desturi moja ya bustani za huku inayonisaidia kufikiri. Asparaga huvunwa majira ya kuchipua, kwa kukata machipukizi yanapotokeza. Lakini ikifika Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, wakulima wanaacha kukata, ingawa machipukizi bado yanakuja na soko bado linataka. Wanauacha mmea ukue, uwe na majani, urudishe nguvu kwenye mizizi kwa ajili ya mwaka unaofuata. Isitoshe, anayepanda asparaga leo hukaa hadi mwaka wa tatu kabla ya kuvuna ipasavyo. Tuta la asparaga la yule bibi ni la zamani, alilikuta alipopanga. Kila mwaka amekula kazi ya mtu asiyemjua jina, na kila Juni 24 ameacha kukata kwa ajili ya mwaka ambao hakuwa na hakika atauona. Sijamsikia akiuita huo ukarimu. Anasema tu kwamba mmea umechoka.

Nikiyaweka haya pamoja, naona kwamba methali yetu inauliza swali lisilo sahihi. Inamfundisha kijana aulize, nikipanda hiki nitavuna nini? Ni swali la mfanyabiashara, na lina mahali pake. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia: hiki ninachokula sasa alikipanda nani, na alilipwa? Majibu mengine yatanipeleka kwa watu walio hai ninaoweza kuwalipa, kama mjomba, aliyetoa ada ya kidato changu cha tatu mwaka mmoja tu baada ya nyanya kuoza. Huyo hanidai mboga za Leipzig, ananidai fedha na heshima, na nitampa. Majibu mengine yatanipeleka kwa watu ambao siwezi kuwafikia: aliyepanda asparaga, waliolisha mboji, waliochagua mbegu za sukuma wiki karne hadi karne. Deni la hao haliwezi kurudi nyuma. Njia pekee lililobaki nayo ni kwenda mbele, kwa mtu ambaye hajaniomba kitu.

Nilihamisha miche wiki ya mwisho ya Juni, jioni, kukiwa bado kweupe. Mwishoni mwa Julai nikasia ile saladi ya baridi, kwenye mfereji uliojazwa maji kwanza. Bibi alikaa kwenye kiti chake akihesabu mistari kwa sauti.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mjomba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mvua, akauliza masomo, akauliza kama nakula vizuri. Nikamweleza habari ya sukuma wiki.

"Utaila wewe?" akauliza.

"Hapana, mjomba. Nitakuwa nimesharudi."

"Huyo bibi, je?"

"Naye atakuwa ameondoka."

"Sasa nani?"

"Sijui. Atakayekuja."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia jogoo nyuma yake, na mtu akiita punda au mtoto.

"Umeweka nafasi gani kati ya mche na mche?"

"Sentimita 50."

"Ndogo," akasema. "Huko jua lenu la mashaka. Ungeweka 60, huyo mtu apate majani."